Kitanda cha Dirishani

Jumatatu, 3 Juni
Nimeupata ukweli kwenye kitabu cha maktaba. Watoto wa bweha hupigana mapema, wakingali shimoni. Anayeshinda ndiye mkubwa. Baada ya hapo ugomvi umekwisha: anakula kwanza, analala anapotaka. Kumbe nilichelewa! Ndiyo maana kitanda cha dirishani, penye mwanga wa kusomea, ni cha mdogo wangu, binti wa darasa la tatu. Mama anasema tuelewane wenyewe. Sawa. Tutaelewana kibweha.

Jumanne, 4 Juni
Hatua ya kwanza: simamisha manyoya, kaza macho. Manyoya sina. Nikavaa sweta la sufu, nikamkodolea mdogo wangu macho tangu chai inamiminwa hadi vikombe vinaoshwa. Joto kali. Jasho likadondokea mkate. Mama akauliza kama tumbo linanisumbua. Mdogo wangu akasema kaka ana sura ya mtu aliyekalia sindano. Sikupepesa.

Jumatano, 5 Juni
Nilinguruma mlangoni. Bibi akaja na dawa ya kikohozi. Nikaeleza kwamba huo ni mngurumo wa cheo. Akasema hata babu yangu alianza hivyohivyo, nifungue mdomo. Aliyenishika kichwa ni mdogo wangu. Sitasahau.

Alhamisi, 6 Juni
Pambano. Kitabu kinaagiza kukamata shingo kwa nyuma. Nikakamata. Akanitekenya mbavu. Kitabu hakina neno hata moja kuhusu kutekenya! Nikaanguka chali, tumbo juu, machozi ya kicheko yananitoka. Kwa bweha, tumbo juu ni kusalimu amri. Mdogo wangu alilijua hilo, kwa sababu jana nilimsomea ukurasa wenyewe, ili akishindwa ajue la kufanya. Akaniwekea mguu kifuani, akasema kaka ni msomi, basi afuate kitabu. Bibi akaafiki.

Ijumaa, 7 Juni
Anapakua kwanza. Mimi nimebakiziwa shingo ya kuku. Begi lake nabeba mimi. Nimemwonya kwamba aliye juu mngoje chini. Akasema sawa kaka, ila nisisahau chupa yake ya maji.

Jumamosi, 8 Juni
Nimetafakari. Kitabu hakina kosa. Kosa ni kuanzia juu. Paka wa bibi hulala kwenye kiti cha sebuleni, chini kabisa ya taa. Ni mzee, ni mdogo wa umbo, na hajui kutekenya. Mdogo wangu amenishauri nivae lile sweta. Nimekataa. Kesho naingia kifua wazi.