Ndege Wasiotazama Waendako

Stoo ya ndoo na mafagio,
Ghorofa ya chini, mlango wa nyuma.

Kwa Mkurugenzi,
Ofisi ya Kulinda Ndege Wahamao.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: NDEGE WAKO KUGONGA VIOO VYANGU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa karibu na dirisha safi. Mimi ndiye msafisha vioo wa lile jengo la ghorofa kumi linalotazama bwawa. Humu ndani wananiita Fundi Kioo, na tangu wiki iliyopita mimi ni mtu mwenye kinyongo. Binti wa ofisi yako, yule mwenye daftari mkononi na darubini shingoni, alileta amri kwamba mpaka ndege wamalize kupita, vioo vyote vya upande wa bwawa vichorwe mistari ya sabuni, kila mstari vidole vitatu kutoka kwa mwenzake. Nilimuuliza kwa adabu kosa langu ni nini. Akaona haya kidogo, akasema, "Baba, kosa lako ni kwamba kazi unaijua mno." Eti vioo vyangu vinaonyesha mawingu na miti kama vilivyo, na ndege anadhani ni njia. Tangu siku hiyo sijapata usingizi wa maana. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kazi yangu ni kuondoa alama. Kuniambia nizichore ni sawa na kumwambia kinyozi apandikize nywele. Baba mkwe wangu, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi hii, hakukubali kunipa binti yake mpaka aliposimama mbele ya dirisha nililolifuta akashindwa kusema kama liko wazi au limefungwa. Sasa nikirudi nyumbani na habari ya mistari, mke wangu nimwambie nini? Ndoa yangu imesimama juu ya kioo.

2. Ndege akigonga huacha chapa: kifua, mabawa mawili, mpaka manyoya ya pembeni unayahesabu, utadhani amepigwa kama muhuri. Jumanne iliyopita niliteremka kwa kamba kutoka kwenye paa hadi ghorofa ya sita kufuta chapa moja tu. Nilipomaliza, nikasikia ta! Ghorofa ya nne.

3. Yule binti wa ofisi yako anasema ndege hawa wamevuka bahari na jangwa wakiongozwa na nyota, na wengine ni wepesi kuliko kipande changu cha sabuni. Nasadiki, sina ubishi. Lakini aliyevuka jangwa zima bila kupotea anashindwaje kulizunguka jengo moja? Huo si uchovu, ni dharau.

4. Kwa nini nibadilike mimi ninayeshinda hapa mwaka mzima, na si wao wanaopita kwa wiki chache? Napendekeza wapimwe macho huko huko kabla ya kuondoka. Atakayeshindwa aje kwa miguu.

5. Tukilikubali hili, hatutakuwa na pa kusimama. Leo kioo kichafuliwe kwa ajili ya ndege. Kesho mfagiaji ataambiwa aache vumbi ili sisimizi wasiteleze, na keshokutwa wewe mwenyewe, Ndugu Mkurugenzi, utaletewa amri usichane nywele kwa sababu kuna kunguru anatafuta pa kujenga.

6. Nina macho mawili, kama ndege. Nimefanya kazi hapa miaka ishirini na miwili, vioo mbele na vioo nyuma, na sijagonga hata kimoja. Siri yangu ni kwamba natazama ninakokwenda. Niko tayari kuja kuwafundisha, hata Jumamosi.

7. Mmoja wa washtakiwa ninaye hapa. Leo asubuhi aliangukia kando ya ndoo yangu, mdogo, rangi ya majani yaliyoanza kukauka, na kidevu cha manjano. Nimemweka kwenye boksi la viatu vyangu vya kazi, nimelitoboa matundu na kulifunika, kama yule binti wa daftari alivyoelekeza; si kwa huruma, bali ili kielelezo kisiharibike. Nimemwomba mlinzi azime redio. Nilipomwokota, moyo wake ulikuwa unapiga chini ya kidole gumba changu kwa kasi ambayo sijapata kuiona, ikabidi nikae juu ya ndoo. Nilimwomba asife. Hilo si sehemu ya malalamiko.

Kwa hiyo naomba amri hiyo iondolewe kabla ya Ijumaa, ndege wapewe onyo kali la maandishi, na jengo lirudishiwe heshima yake.

Nisalimie wote hapo ofisini, pamoja na dereva wenu, na yule binti wa daftari; mwambie sina ugomvi naye, ugomvi wangu ni na mistari. Wasalimie na ndege waliofika salama. Mlinzi anakusalimu. Mke wangu naye angekusalimu, ila bado sijamwambia.

Nabaki mtumishi wako mwenye kinyongo na vitambaa safi,

Fundi Kioo.

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, boksi lilianza kukwaruzwa kwa ndani. Nikalibeba mbio kwenda kumwachia nje, macho yangu yote kwenye boksi, nikapita mapokezi, nikaugonga ule mlango mkubwa wa kioo nilioufuta mwenyewe saa mbili asubuhi. Mlinzi anasema sauti ilikuwa ile ile ya ndege, ila nene. Boksi sikuliangusha. Alinifungulia, nikainua kifuniko, yule mdogo akakaa ukingoni, akaitazama nundu iliyoanza kunivimba kwenye paji la uso, kisha akaruka kuelekea bwawani. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. Naomba namba sita usiisome. Pale mlangoni nimeacha chapa yangu: paji la uso, pua na nusu ya mdomo. Nilirudi na kitambaa ili niifute, nikaitazama, nikaiacha. Nimeanzia hapo kupima vidole vitatu.