Droni Iliyomfuata Mama Mkwe

Leo nimejivua nguo mchana kweupe, tena ukweni.

Mke wangu, Mama Neema, yuko kwao Kigwa tangu msimu wa kilimo uanze. Alichoka na mume asiyekaa. (Nina miaka arobaini na minne. Nimeishi Mpanda, Urambo na Kaliua, na kote huko nilikuwa "njiani kurudi".) Leo nilikwenda kumwomba arudi nyumbani Mtendeni. Safari hii nilikuwa na hoja: nimepata kazi ya kunituliza. Nitapiga picha za njia ya zamani ya misafara kutoka angani. Droni ninayo. Mafunzo nimeyapata kwenye simu, siku mbili.

Baba mkwe akaitikia shikamoo yangu, akanisikiliza, kisha akasema hiyo kazi aione kwa macho kwanza. Tukaenda wote watatu, pamoja na Mama Neema, hadi kwenye miembe iliyopangana kandokando ya njia ile.

Droni ikapaa vizuri. Nikaona udongo mwekundu, miembe kulia na kushoto, nikawawaza wapagazi waliopita pale na mizigo mabegani. Machozi yakanilenga. (Nikianza kuwaza ya kale, vidole hufanya vyake.) Kwenye kioo cha simu nikaona mtu anakuja kwa mbali, beseni kichwani. Nikamgusa nimwone vizuri. Kumbe ukimgusa mtu pale, umeiamuru droni imfuate. Nadhani hilo lilikuwa somo la siku ya tatu.

Mtu mwenyewe alikuwa mama mkwe, ametoka kuanua michembe, vile viazi vikavu.

Kwa wasiojua desturi yetu: mwanamume hakutani na mama mkwe njiani. Akimwona anaingia porini na kugeuza uso hadi apite. Basi mimi nikaingia porini, kama mtu mwenye adabu. Droni haikuingia.

Mama akatembea, ikatembea. Akasimama, ikasimama. Akaona bora aingie yeye porini. Akachuchumaa nyuma ya kichaka, nayo ikamzunguka upande wa pili. Michembe ikamwagika yote. Mimi nimempa mgongo, nabonyeza kila kitufe bila kuangalia. Mama Neema akaniambia nikimbie nikaizuie. Nikamjibu siwezi, yule ni mama mkwe.

"Na hivyo unavyomfanya ndiyo heshima?"

Ilimsindikiza mpaka mlangoni. Chaji ilipokaribia kuisha ikatua yenyewe, juu ya paa la jiko.

Tukarudi, tukakaa barazani. Mama mkwe hakutoka. Alisema akiwa ndani, kwa sauti ya kunifikia: "Mwambieni, akiwa na neno na mimi atume mtu."

Baba mkwe akaomba kuona picha. Zilikuwa dakika tisa za mgongo wa mkewe, zimetulia, hazitikisiki hata kidogo. Akatikisa kichwa taratibu, akasema kweli mimi kazi naijua. Hapo nikapata matumaini. (Mimi huwa sijifunzi.)

Mama Neema alitazama mpaka mwisho. Akanirudishia simu.

"Baba Neema, mimi umewahi kunifuata hivi?"

Nikaitia simu mfukoni. Hata baba yake aliangalia pembeni.

Nimerudi Mtendeni peke yangu, na droni yenye masizi. Anayetaka kucheka acheke, ila asinipigie simu. Nimechoka, na kesho alfajiri naanza kumfuata mke wangu, kwa miguu.