Mchanga Wenye Uzoefu

Tangazo lilisomwa na Mkurugenzi saa tatu asubuhi mbele ya wafanyakazi wote kumi na mmoja wa Kituo cha Kuangulia Mayai ya Kobe: mchanga uliokwisha kufukiwa mayai umetambuliwa rasmi kuwa "mchanga wenye uzoefu". Ni marufuku kuutupa, kuuosha wala kuuoka, kwani hatua hizo zitafuta ujuzi uliokusanywa kwa misimu minne.

Mtunza mayai, ambaye kituo kizima kilimwita Mama Kobe, aliinua mkono.

"Mzee, kuutumia tena si tatizo. Lakini umejaa maganda yaliyooza. Tusipouchekecha, tukauosha na kuuoka, mayai yataota ukungu."

"Huo ukungu una kibali?" aliuliza Mkurugenzi.

"Hauna."

"Basi hautaingia."

Watu wakapiga makofi, kwa kuwa ratiba ilisema wapige.

Mama Kobe alirudi kazini roho ikimuuma. Mayai yalikuwa themanini, na kila moja alikuwa amelifukua kwa mkono wake bila kuligeuza, lisije likafa. Arobaini yalikwisha chukuliwa kwenda trei ya maonyesho, ofisini kwa Mkurugenzi. Kwa yale yaliyobaki akasema, kazi ikiondoka na iondoke. Akaubeba mchanga wake mpaka jikoni, akauosha mara tatu, akauweka kwenye oveni.

"Unapika nini, dada?" mpishi alishangaa.

"Uzoefu. Ukiiva nitakuita."

Miezi mitatu baadaye Waziri alikuja kujionea. Trei ya maonyesho ilipofunuliwa, harufu ndiyo iliyotangulia kumsalimia. Mayai yalikuwa yameota manyoya ya kijivu. Moja likapasuka na kuichafua tai ya Mkurugenzi. Kwenye trei ya Mama Kobe, vitoto thelathini na sita vilikuwa vinapandana migongoni.

"Na hivi?" Waziri aliuliza, kitambaa puani.

"Matunda ya sera yetu, mheshimiwa!" Mkurugenzi aliwahi. "Mchanga wenye uzoefu."

"Huo niliuosha na kuuoka, mheshimiwa," alisema Mama Kobe. "Kama ulikuwa na uzoefu, ulitoka wote na maji machafu."

Waziri akatazama trei hii, akatazama ile. Kisha akamgeukia Mkurugenzi.

"Wewe umekaa hapa muda gani?"

"Miaka kumi na tisa, mheshimiwa," alijibu kwa fahari, akiinyoosha tai. "Sijahamishwa hata mara moja."

Katibu wa Waziri akafungua daftari la uhamisho bila kuambiwa.