Siku Wifi Alipovijaribu Vyakula kwa Moto

Enyi mnaopika kwa hesabu na kupakua kwa wasiwasi, enyi mama wenye sufuria nyeusi na watoto warefu, tueni vikapu mnisikilize! Nawaletea habari ya vita vikuu vilivyopiganwa kati ya meza na dirisha la jiko langu, nami naiandika ili mwenzangu asije akaunguzwa na kilichotuunguza sisi.

Vita vilianza na uvumi. Ulitokea bombani, ukapita saluni, ukaja kunikuta mlangoni naosha kabichi: eti yule kijana aliyeanguka na ndoo ya zege mtaa wa pili hakuteleza. Aliangushwa na kabichi. Mama yake, walisema, alikuwa akimjaza maji yaliyovaa majani akidhani anamlisha. Nilicheka. Halafu nikaitazama kabichi iliyokuwa mkononi mwangu, nikairudisha kwenye beseni.

Maana na mimi ninaye mbeba zege. Ndiye mwanangu wa kwanza, mrefu mpaka wenzake wamemwita Mlingoti, mpanda ngazi, mtwaa ndoo, mtoka jasho, ambaye wiki ile ile alikuwa ameyumba na mzigo mbele ya msimamizi wa jengo, na msimamizi akatangaza mbele ya jeshi zima la makoleo: "Mlingoti, ukiyumba tena, Jumatatu usije." Nami kwa kumwonea huruma nikazidi kununua chakula kama tulivyofundishwa na mama zetu, yaani kukiegemeza nyongani kama mtoto: kikikulemea, ni cha maana. Na sokoni hakuna kilichonilemea kwa bei ndogo kama kabichi. Basi ikawa kabichi asubuhi, kabichi jioni. Kijana anashiba mpaka analegeza mkanda, na muda si mrefu unamkuta anatazama sufuria ya jirani kwa macho ya mapenzi. Uvumi ule nilijaribu kuufukuza, nikaufagia, nikaumwaga pamoja na maji ya vyombo. Ukarudi.

Hapo ndipo alipoinuka Wifi, dada wa mume wangu, fundi cherehani, Mwenye Sindano Mdomoni, mkata vitambaa na mkata kauli, ambaye hajawahi kushindwa na mteja wala na mimi.

"Ewe mke wa kaka yangu!" akanena, mkono kiunoni. "Mpaka lini utamlisha mtoto wetu kama mbuzi wa kuazima? Kliniki walitufundisha kwamba kalori ni moto unaowaka mwilini. Haya! Kama ni moto kweli, utawaka na jikoni. Chakula kisichowaka kwenye makaa kitawakaje tumboni?"

"Wifi, nani amewahi kuchoma kabichi akajua kitu?"

"Na wewe uliyeibeba nyongani, umejua nini?"

Kweli ya Wifi inauma mara mbili, kwa sababu anaisema huku anacheka.

Ikatangazwa sheria ya mashindano: kila shujaa, yaani kila chakula, aje na jeshi linalonunulika kwa sarafu moja, asiongeze, na atakayechemsha maji ndani ya kopo la nyanya, huyo ndiye atakayempandisha Mlingoti ngazi. Wifi akashuka sokoni kama jemadari, akarudi na mateka: kipande cha kabichi, biskuti za kung'aa, karanga, mafuta ya kupikia kwenye kimfuko, na unga. Soda alijinunulia mwenyewe kwa sababu jua lilikuwa kali.

Ikaingia uwanjani Kabichi, kipenzi changu, mpana wa mabega. Ikatiwa kwenye makaa. Ikalia. Ikatoa jasho, ikatoa moshi, ikazima makaa mawili yaliyokuwa yanajikalia zake.

"Huyu si askari," Wifi akanena. "Huyu ni zimamoto."

Nikaona aibu kama vile ni mtoto wangu amefeli.

Ikaja Biskuti, imevaa karatasi ya dhahabu. Iliwaka vizuri, siwezi kuidhulumu, lakini sarafu ilitupatia moja na nusu tu, ikaisha kabla hatujamaliza kuisifu. "Tumelipia gauni," akasema fundi wetu kwa uchungu, "mwili wenyewe haumo!"

Kisha akachomoa pini kwenye blauzi yake, akaichoma karanga, akaisogeza kwenye moto. Loo! Karanga ile ilishika kama taa, mafuta yakaitoka, ikang'ara chini ya kopo, na ilipokufa ikapokelewa na ndugu yake, na ndugu yake na binamu yake, mpaka maji yakaanza kuimba. Yakaja Mafuta. Wifi akayatia kwenye kifuniko cha chupa, akayawekea utambi wa uzi wa cherehani, na mwali ukasimama wima, mtulivu, usio na papara, mpaka maji yakaruka nje ya kopo. Tulipiga vigelegele hata jirani akauliza nani kaolewa.

Hapo ushindi ukamlevya. Akautazama Unga, ambao kwa sarafu ile ile ulikuwa umejaa bakuli.

"Kidogo, Wifi," nikamsihi. "Kidogo tu."

Akatwaa konzi nzima, akairusha makaani.

Wenzangu! Moto ulisimama kama mtu aliyetukanwa. Ulisema *whuu* mara moja, ukaramba kitambaa cha vyombo kilichokuwa kwenye kamba, ukambusu Wifi usoni, ukaketi. Kitambaa kikawaka. Mimi nikanyakua kilichokuwa karibu, ile soda yake, nikaimwagia yote, na hiyo ndiyo kazi pekee niliyowahi kuona soda inaifanya. Wifi, naye, alikuwa ameshayafunika mafuta kwa sahani.

Nikaupunga moshi kwa kanga.

"Wifi, uko hai?"

"Niko hai. Nyusi yangu ya kushoto iko wapi?"

"Imeenda."

Akajipapasa. "Basi tumejua," akanena, sauti ya mshindi, "unga nao una moto." Tukaanguka chini kwa kicheko.

Asubuhi ya pili sarafu zile zile za kabichi zikazaa uji mzito wa unga, na ndani yake karanga zilizotwangwa na kijiko cha mafuta. Mlingoti akala, akalamba mwiko. Nami nikamfuata kwa siri, nikajibanza nyuma ya rundo la matofali, roho mkononi. Nikamwona anainua ndoo. Nikamwona anakanyaga ngazi. Pale kwenye kona alipoyumba siku ile, nikafumba macho. Nilipoyafumbua, alikuwa juu, amemwaga zege, anashuka anapiga mluzi.

"Wewe Mlingoti!" msimamizi akaguta. "Leo umekula nini?"

"Nyusi ya shangazi, mkuu."

Msimamizi akamkodolea macho. "Jumatatu uje. Na ukale tena hiyo hiyo."

Basi tangazeni kwenye mabomba na masaluni, uvumi huu uukimbize ule wa kwanza: palikuwa na mwanamke aliyeingia vitani na nyusi mbili akatoka na moja, na ndoo ya zege ikafika juu.

Lakini ninyi msimwige. Epukeni haya:

Kununua chakula kwa kukipima nyongani.

Kabichi peke yake kwa mtu anayebeba mizigo. Iwe mboga ya pembeni.

Chakula kilichovaa vizuri kuliko wewe.

Soda, labda kama kuna kitu kinaungua.

Kurusha unga kwenye moto, hata kidogo, hata ukiwa na furaha.

Kumwagia maji mafuta yanayowaka. Funika.

Kuanika kitambaa juu ya jiko.

Kumuuliza Wifi itaota lini.