Modemu Iliyoingilia Ugomvi Wangu

Ndugu Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Pokea salamu kutoka upande wa pili wa barabara. Mimi ndiye mama wa duka la kuchapa lenye mlango wa bluu, linalotazamana na ofisi yenu, yule anayefungua mapema kuliko ninyi. Asubuhi ya leo nimejaza fomu ya kufungiwa namba. Msichana wenu wa dirisha la tatu ameipokea, akasema namba itafungwa saa tisa alasiri, ila fomu peke yake haitoshi, niambatanishe barua ya maelezo. Haya, maelezo ndiyo haya. Uyasome ukiwa umekaa.

YAH: MODEMU YENU KUINGILIA UGOMVI WA WATU

Miezi miwili iliyopita mlinishauri ninunue modemu, niichomeke kwenye kompyuta, niwe nawatumia wateja ujumbe bila kushika simu. Nilikubali kwa moyo mweupe. Wahenga walisema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kikapu ukavune. Modemu yenu haikuchukua jembe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Modemu imekuja na laini yake na namba yake. Nilidhani ujumbe nikiuandika mimi utaonekana umetoka kwangu. Kumbe unatoka kwenye namba asiyoijua mtu, na anayejibu anaijibu hiyo hiyo. Mtu mzima na heshima zangu nikageuka mgeni kwenye simu za watu wangu.

2. Mtaalamu wenu aliyekuja kuiunganisha alihamishia kwenye kompyuta namba zote zilizokuwa kwenye simu yangu, akayaacha majina. Namba mia mbili na kumi, hata moja haina mwenyewe. Kwenye simu kila mtu alikuwa na jina linalomstahili. Fundi bomba alikuwa "Fundi Muongo". Dada yangu mkubwa, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa "Usipokee".

Hapa sina budi kueleza, ingawa hayakuhusu. Miaka minne iliyopita nilichapa mwenyewe kadi za harusi ya mwanangu. Mistari miwili ikabadilishana nafasi, na kadi mia tatu zikatangaza kwamba mwanangu anamuoa mama mkwe wake. Ni kosa linaloweza kumpata yeyote. Dada akasimama mbele ya wakwe, akaisoma kadi kwa sauti, kisha akasema, "Huyu mdogo wangu huchapa asichokielewa. Ni bomba tu, halijui maji yanakwenda wapi." Wakwe wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Tangu siku hiyo sikumsemesha tena. Alipiga simu miezi mitatu, nikabadilisha namba. Nikahamisha na duka, nisimwambie. Ulikuwa ugomvi mzima, wenye afya, haujawahi kumsumbua jirani.

3. Kitufe cha "Tuma kwa wote" kimewekwa jirani mno na kile cha "Tuma". Wiki iliyopita nilitaka kumwarifu mwalimu mmoja kwamba mitihani yake imekamilika, nikabonyeza pabaya. Watu mia mbili na kumi wakaambiwa, "Kazi yako iko tayari. Njoo uichukue." Shemeji yangu, asiye na kazi tangu mwaka jana, aliuliza ni wapi, akaja amevaa suti.

Miongoni mwa waliojibu, mmoja aliuliza sisi ni akina nani, nikamwambia ni duka la kuchapa. Akasema hajaleta kazi yoyote, lakini maadamu sisi ni wachapaji, anayo barua ya kumpelekea mdogo wake, na mwandiko wake haufai. Nikamjibu kama ninavyowajibu wote: Mteja wetu mpendwa, tutumie maneno, tutayapanga.

4. Modemu inaleta maneno bila uso. Zamani mteja alikaa kwenye kiti, akasema, nikamtazama machoni. Huyu maneno yake yaliingia vipande kumi na moja, ting, ting, nikavinakili, nikavipanga, nikanyoosha pembe, nikatia koma. Sentensi moja tu ndiyo iliyoniingia kichwani: "Tangu aniache, nikishona kitu kizuri sina wa kumwonyesha." Nikamwambia mteja aliyekuwa anasubiri kopi zake kwamba kuna watu wana roho ngumu, jamani, dada mtu analia hivi na mdogo yuko kimya. Tukamsikitikia wote wawili. Nikaitoa barua kwenye printa, nikaikunja, nikaitia kwenye bahasha na kuifunga, ndipo nikaomba anwani. Ting. Akaandika ile ya mwisho anayoijua: ghorofa ya pili, juu ya kinyozi, mkabala na kituo cha mafuta. Niliandika nusu nzima kabla mkono haujasimama. Hapo ndipo duka langu lilipokuwa kabla sijahama. Kisha likaingia jina la mpelekewa, nalo lilikuwa langu.

Nikaichana bahasha. Nikaisoma barua niliyoichapa mwenyewe, kwa mara ya kwanza. Dada alikuwa ananiomba radhi. Alisema siku ile ya kadi alitaka kuwachekesha wakwe, akanichoma mimi, na kwamba hajui aanzie wapi kuitafuta nyumba yangu. Nililia mpaka yule wa kopi akaondoka bila kopi.

Umeona lakini ilichofanya modemu yenu? Nimechapa kurasa mbili zinazonihusu mimi mwenyewe, nikazitia koma, na sikuelewa kitu. Maneno aliyoyasema dada mbele ya wakwe, ninyi ndio mmeyathibitisha.

5. Na bado. Kila asubuhi dada anaiuliza namba hiyo: barua imefika? Amesema nini? Nami najibu kwa niaba ya duka: Mteja wetu mpendwa, mpelekewa bado hajatoa jibu. Jana akaandika, "Basi msimsumbue. Hata mimi ningekuwa yeye nisingejibu." Ujumbe wa namna hiyo unaingia saa nne asubuhi, duka limejaa, nina risala ya watu mkononi. Nani ataichapa risala hapo?

Nikijibu kama duka, namdanganya dada yangu. Nikijibu kama mimi, itabidi nieleze nimeijuaje hiyo barua, naye atacheka. Nimepigana miaka minne asinicheke tena.

Kwa sababu hizo, nadai kwa heshima zote: namba hiyo ifungwe leo saa tisa, bila kuchelewa hata dakika. Nadai pia kampuni initolee cheti chenye muhuri kwamba barua iliyochapwa na mpelekewa mwenyewe haihesabiwi kuwa imepokelewa. Modemu zote ziwekewe kitufe cha "Tuma kwa wote isipokuwa tulionuniana nao". Na haya yote yakiwashinda, kampuni imteue ofisa mmoja mwenye adabu, awe anamnunia dada kwa niaba yangu, saa za kazi tu, maana mimi nguvu zimeniishia.

Nisalimie wafanyakazi wote wa ofisi hiyo, walinzi wa mlangoni, na msichana wa dirisha la tatu. Mwambie kalamu yake nimeondoka nayo kwa bahati mbaya.

Ni mimi, mteja wenu mwaminifu mwenye uchungu,
Mama wa Mlango wa Bluu

Tanbihi: Ndugu Meneja, usifunge! Haya nayaandika kwa mkono, usiniangalie mwandiko. Kabla namba haijafungwa nilitaka tu kumuaga mteja, kwa adabu ya kazi. Nikaandika "Mteja wetu mpendwa", vidole vikagoma. Nikafuta. Nikaandika, "Dada, barua yako nimeichapa mimi mwenyewe na sikuielewa. Njoo unisomee." Amecheka, ndiyo. Ameandika ha ha ha mistari miwili, na mimi nimecheka peke yangu dukani kama chizi. Kisha akasema ameacha gauni la watu kwenye cherehani, anakuja. Yuko njiani sasa hivi, duka halijui, na namba aliyo nayo ni hiyo ya modemu tu. Kumpigia siwezi, nikisikia sauti yake nitalia, na watu wamejaa humu. Ni saa nane na dakika arobaini. Barua hii anaikimbiza yule mteja wa kopi, aliyerudi leo kuzichukua. Mwombe msichana wa dirisha la tatu asiguse kitu, na hiyo fomu ichaneni. Dada ameshafika kwenye njia panda, anauliza akate kushoto au kulia, nami bado sijamjibu kwa kuwa nakuandikia wewe.