Nyuso za Wakwe

Jumamosi, tarehe 8 novembre

Kesho watu wa Nyantende wanakuja kumuomba mujukuu wangu Joviale, aolewe kwao. Musemaji wa jamaa ni mimi. Wanamupenda kweli, ao wanatafuta mutu wa kulima? Gentil, mwenye kutengeneza simu, ameniwekea kwenye simu IA, akili ya mashine: unaipa picha ya uso, inakuambia yaliyo moyoni. Joviale amesema si vizuri kupima watu bila kuwauliza. Nimemujibu hata daktari anapima. Amesema daktari anauliza kwanza. Masomo yamemuharibu huyu.

Jumapili, tarehe 9

Wamefika sita na mutungi wa kasiksi, pombe ya ndizi. Nimejifanya natafuta réseau ya simu, nikawapiga picha wote, nikaenda kusoma majibu chooni. Papa Barthélemy, baba ya bwana arusi: hasira, 91 kwa mia. Maman Euphrasie, muke wa Barthélemy: zarau, 87. Hugues, bwana arusi mwenyewe: woga, 94. Mwenye kuogopa anaficha kitu, si ndiyo? Nikarudi, nikasema pombe yao hatuinywi. Barthélemy akauliza kosa. Nikamuonyesha simu. Akaangalia uso wake muda murefu, akasema hata siku ya ubatizo wake alikuwa nao huohuo. Euphrasie akasema basi simu yangu imuoe Joviale. Wakabeba mutungi, wakaenda.

Jumatatu, tarehe 10

Joviale amekataa kula. Mama yake, binti yangu Adélaïde, ameniuliza tangu lini wakwe wanacheka kabla ya kukubaliwa. Kweli. Mimi mwenyewe, siku ya kumuomba muke wangu, marehemu Madeleine, nilinuna mpaka shavu likauma. Mashine haikuambiwa hayo. Nimejipiga picha kuihakikisha: hila, 96. Hapo nikajua inadanganya.

Jumatano, tarehe 12

Nimepanda Nyantende kuomba musamaha. Barthélemy ameniacha kwenye mvua kidogo, halafu akanipa kiti. Amesema nifute nyuso zao kwenye simu. Nimefuta moja moja, Euphrasie akisimamia. Arusi iko palepale. Hugues amenishika mukono, wake umejaa jasho. Masikini, alikuwa anaogopa mimi tu.

Alhamisi, tarehe 13

Joviale amesema amenisamehe. Lakini amesema haraka sana. Alipoinamia sufuria nimemupiga picha. Hasira, 90. Roho haitulii. Nimemuita Gentil aniwekee ile ingine, yenye kupima sauti.