Nyumba Iliyonyooka Kwenye Picha

Jurriaan Tebbens alimwona Mama Aleida Kruidhof amesimama nje ya duka la kamera, pua inakaribia kugusa kioo, akajua riziki yake imekuja kwa miguu. Mama huyu ndiye mthamini wa nyumba aliyechaguliwa na mnunuzi. Keshokutwa angekuja kupiga picha nyumba ya Jurriaan, na ripoti yake ndiyo benki ingeitazama kabla ya kutoa mkopo.

Nyumba yenyewe ilikuwa nzuri, ila ilikuwa imeinama. Ilisimama kando ya mfereji pale Wormersluis, imeegemea upande wa maji kama mtu anayesikiliza umbeya. Nguzo zake za chini zilikuwa zimeoza. Ukiweka gololi jikoni, inaondoka yenyewe bila kuaga. Mthamini akiliona hilo, mauzo yamekufa, na Jurriaan atabaki na nyumba yake mpaka siku watakayozama pamoja.

"Umekwama, mama?" akauliza kwa sauti ya mtu mwema.

"Simu yangu imetumbukia mferejini. Sijui ninunue simu nyingine au kamera."

"Simu ni ya kumpiga picha paka, mama. Inapinda kuta. Mlango unatoka kama pipa."

"Lakini ina kimstari kinachoniambia kama nimeishika sawa."

"Miaka thelathini kazini, bado unaambiwa na simu?"

Mama Aleida akakigeukia tena kioo cha duka. Alikuwa mtu wa kanisani, hana majivuno, lakini hapo paliuma kidogo.

"Nina kamera ya marehemu mjomba," Jurriaan akaendelea. "Ya miguu mitatu. Itumie."

"Siruhusiwi kupokea zawadi."

"Nani kasema zawadi? Ni msaada." Matapeli wana majina mazuri kwa kila kitu, Mungu awasamehe.

Siku ilipofika, Jurriaan alikuwa amejiandaa kama bibi harusi. Taa zote zinazoning'inia alikuwa amezishusha, maana taa ikining'inia humsaliti ukuta ulioinama. Kwenye ile miguu mitatu palikuwa na kichupa kidogo chenye povu, cha kuonyesha usawa. Hicho alikipaka rangi nyeusi. Ndani hakuwa na wasiwasi, maana kamera ilisimama juu ya sakafu iliyoinama, ikainama nayo, na kila ukuta ukatoka umenyooka kama askari.

Akamletea mgeni kahawa na biskuti moja.

"Mbona kikombe nusu?" Mama Aleida akauliza.

"Moyo wangu, mama. Daktari amenikataza kutazama vikombe vilivyojaa."

"Pole sana. Na kutembea je? Maana naona ninateremka."

"Ni mazulia. Mapya, yanateleza."

Kazi ilikuwa nje. Mama Aleida aliposimamisha kamera barabarani ili nyumba na mfereji vitokee pamoja, Jurriaan alijifanya anafunga kamba ya kiatu, akasukuma kipande cha ubao chini ya mguu wa kulia. Kamera ikainama kushoto, sawasawa na nyumba.

"Imekaa vizuri?"

"Imekaa kama malaika, mama. Bonyeza."

Jioni Mama Aleida alizitazama zile picha kwa muda mrefu. Akazituma benki. Chini ya ile ya nje aliandika maneno mawili tu: Tazama maji.

Ni kweli, nyumba ilikuwa imenyooka. Lakini mfereji ulikuwa umepanda kilima. Maji yalianzia juu kabisa, upande wa kushoto, yakateremka hadi ukutani, na bata watatu wameganda katikati ya mteremko kama wamepigiliwa misumari. Kwingine mtu angecheka. Lakini watu wa huku wanaishi kwenye ardhi iliyo chini ya usawa wa bahari tangu enzi za babu zao. Maji yaliyo juu ya nyumba kwao si kichekesho hata kidogo. Karani wa benki alipoiona picha alinyanyua simu, akawapigia watu wa bodi ya maji, wale wanaozuia mafuriko.

Jumamosi asubuhi yakaja malori matatu ya mchanga. Jurriaan alitoka na nguo za kulalia akakuta mlango wake umeshazibwa na mifuko hadi kiunoni.

"Nani amewaita?"

"Maji ndiyo yametuita, bwana," akasema Gosse, msimamizi wao, ameishika picha. "Yako usawa wa dirisha lako la juu."

"Si hayo hapo, yametulia?"

"Ndiyo yanayonitisha. Maji yakitulia juu ya mteremko, yana lao jambo."

Wakati huohuo akafika mnunuzi, mwokaji mikate kijana aitwaye Hidde, amekuja na mkewe kupima pa kuweka kitanda cha mtoto. Mama Aleida alikuwa nyuma yao, na mwavuli.

"Mzee Tebbens, mbona hukutuambia kuna mafuriko?" Hidde akauliza.

"Hakuna mafuriko, kijana wangu."

"Watu wa bodi wanajaza mchanga bure?"

Jurriaan aliiona mifuko ikipanda. Ikifika dirishani, hakuna atakayeinunua nyumba ile, Hidde wala mwingine. Akatafuta uongo mwingine, akapapasa kila mfuko wa kichwa chake, akakuta umekauka. Kwa mara ya kwanza tangu abatizwe, akajaribu ukweli.

"Ni kamera tu. Kamera ilikuwa imeinama."

Gosse akaitazama picha. Akaitazama nyumba. Wafanyakazi wakasimama na mifuko mabegani.

"Kama kamera iliinama," Mama Aleida akasema taratibu, "mbona nyumba imenyooka?"

Mke wa Hidde akamshika mumewe mkono, wakarudi walikotoka, polepole, kama watu wanaotoka ibadani.

Gosse akapiga hatua nne nyuma, akafumba jicho moja.

"Vijana," akasema, "toeni mifuko yote, mkaipange upande wa mferejini. Maji hayaiendei nyumba. Nyumba ndiyo inayoyaendea maji." Kisha akamgeukia Jurriaan. "Na wewe, bwana, usisimame tu na nguo za kulalia. Sukuma."